Kukadiria Njumu za Shaba Zilizokwisha Kutumika Kabla ya Kuanza Kazi ya Kasha

Anayetaka kulirudishia kasha la zamani njumu zake, yaani misumari ya shaba yenye vichwa vya mapambo, hapa Lamu ana njia mbili za kupata shaba. Anaweza kununua njumu mpya, ambazo mara nyingi vichwa vyake ni vyembamba na mng'ao wake haupatani na zile za zamani zilizobaki ubaoni, au anaweza kutafuta njumu zilizong'olewa kwenye makasha na milango iliyovunjika, zikiwa zimerundikwa katika magunia ya skrepa pamoja na bawaba, vitasa na mabaki ya vyombo vya baharini. Mimi hupendelea njia ya pili, kwa sababu shaba iliyokaa miaka mingi huwa na rangi ambayo sijaona dawa ya kuiigiza ikafanikiwa. Shida yake ni kwamba gunia linauzwa kwa kilo, ilhali kasha linahesabiwa kwa njumu moja moja, na fundi asiyejua kuvuka kutoka kilo hadi idadi atajikuta ameanza ubao wa mbele bila kujua kama atafika ubavuni.

Nilijifunza jambo hili kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gunia kwa muuzaji mmoja, nikachota viganja viwili vya juu, nikaona njumu ni nzima na nzuri, nikazipima na kupiga hesabu ya gunia lote kwa hizo. Nilipofika katikati ya gunia nilikuta njumu zilizokatika miguu, na chini kabisa kulikuwa na mchanga na vipande vya mabati. Kasha lilikuwa la bibi harusi, siku zilikuwa zimewekwa, na nilipungukiwa na njumu zipatazo 300. Tangu siku hiyo sipimi chochote kabla ya kulimwaga gunia lote juu ya jamvi, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ninayomwomba msomaji asiiruke hata akiwa na haraka namna gani. Katika gunia, vitu vidogo na vizito huteremka chini kila linapotikiswa juu ya mgongo wa punda, kwa hiyo tabaka la juu halifanani na gunia lote.

Mzigo ukishamwagwa, upitishe sumaku. Shaba haishikwi na sumaku, iwe shaba nyekundu au hii ya manjano ambayo wauza skrepa huiita brasi. Njumu inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu, na katika hewa yetu ya chumvi itatoa kutu na kuuchafua ubao kabla ya mwaka kwisha. Yanayobaki bila kushikwa yasiaminiwe yote papo hapo: chukua chache zenye mng'ao wa kutilia shaka, uzikwaruze kwa tupa mahali pasipoonekana, na uangalie kama umanjano unaingia ndani au unaishia kwenye ngozi. Watu wengine hupenda kutumia maji, yaani kupima uzito wa kitu kisha kuangalia kimepandisha maji kiasi gani. Njia hiyo ni sahihi kielimu, kwani sentimita moja ya ujazo ya shaba ya manjano ina gramu 8.5 hivi na ile ya chuma ina gramu 7.9 hivi, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kuonekana kwenye chupa ya jikoni. Sumaku na tupa zinatosha.

Baada ya hapo osha na ukaushe, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo makadirio mengi yanapopotoka bila mtu kujua. Kichwa cha njumu ni kama kibakuli kilichofunikwa. Ukiichomoa majini na kuigeuza, utaona tone limetulia ndani yake, limezunguka shina la mguu, na halidondoki hadi uikung'ute. Niliwahi kupima njumu ndogo 100 zilizotoka kwenye beseni la maji ya ukwaju ninayooshea, bila kukung'utwa, mizani ikasoma gramu 156. Nikazianika juu ya uteo katika jua la asubuhi hadi adhuhuri, nikazipima tena, ikasoma gramu 141. Hiyo ni karibu sehemu moja katika kila kumi iliyokuwa maji matupu. Wakati wa masika, ambapo hata kitu kilichomo ndani ya nyumba hakikauki vizuri, mimi huzianika siku mbili, na usiku nazifunika zisipate umande. Vilevile zitolewe vijiti vya mbao na lami vilivyoganda miguuni, kwani fundi aliyeng'oa kwa pupa huacha kipande cha ubao kwenye kila mguu.

Kisha tenganisha kwa ukubwa. Usijaribu kukadiria njumu kubwa na ndogo zikiwa zimechanganyika, hata kama hesabu yake inawezekana, kwa sababu uwiano wa kubwa na ndogo hubadilika kutoka kiganja kimoja hadi kingine na kosa lake ni kubwa kuliko faida ya muda uliookoa. Chekeche la chokaa lenye matundu yanayopitisha kichwa kidogo na kuzuia kikubwa hufanya kazi hii kwa dakika chache. Bawaba, pete za kushikia, mabamba na vipande vya vitasa viwekwe kando na vipimwe peke yake, ili uzito wake uondolewe katika hesabu.

Nitatoa mfano wa mzigo niliopima kwa ajili ya kasha la bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani. Baada ya kuondoa uzito wa gunia lenyewe, nilikuwa na kilo 9.40. Sumaku ilitoa kilo 1.15 za chuma. Kuosha, kukausha na kuondoa vijiti kulipunguza kilo 0.35. Mabamba na bawaba zilikuwa kilo 1.70. Zikabaki kilo 6.20 za njumu peke yake, ambapo kilo 2.60 zilikuwa kubwa na kilo 3.60 zilikuwa ndogo. Kijana ninayemfundisha alikuwa tayari ametamka idadi kwa macho. Nikamwambia, "Mwanangu, idadi ya macho iandike pembeni, halafu tuone mizani inasema nini." Aliandika 5,000.

Sasa chukua sampuli. Ukiwa umezitandaza njumu za ukubwa mmoja juu ya jamvi, zichanganye kwa mikono miwili kama mtu anayekanda unga, uzigawe mafungu manne, kisha uhesabu njumu 25 kutoka kila fungu hadi zitimie 100. Zipime. Rudisha, changanya upya, na urudie mara mbili zaidi. Njumu ndogo zilinipa gramu 138, 144 na 141, na wastani wake ni 141, yaani kila njumu gramu 1.41. Kubwa zilinipa gramu 352, 347 na 357, wastani 352, yaani gramu 3.52 kila moja. Gramu 3,600 ukizigawa kwa 1.41 unapata ndogo 2,553, na gramu 2,600 ukizigawa kwa 3.52 unapata kubwa 739. Jumla ni karibu 3,290, wala si 5,000. Kijana alinyamaza akaikata namba yake kwa mstari mmoja, akaandika ile mpya chini yake.

Mizani ya sampuli na mizani ya mzigo si lazima iwe moja, na kwa kweli haifai iwe moja. Kwa sampuli nenda kwa sonara, kwa maana mizani yake husoma sehemu ndogo za gramu, na kosa dogo kwenye njumu moja huzidishwa mara elfu mbili. Mzigo wenyewe unaweza kupimwa kwa mizani ya duka, lakini ijaribu kwanza: lita moja ya maji matamu ni kilo moja, kwa hiyo pima chupa tupu, ijaze lita moja kamili, uipime tena na uangalie tofauti. Mizani iliyopotoka kwa gramu 50 inakupoteza njumu ndogo 35. Usitumie maji ya bahari kwa jaribio hili, kwani lita yake inazidi kilo kwa gramu 25 hivi.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya, nalo ni kuchagua njumu nzima tu kwa ajili ya sampuli, kwa kuwa ndizo wanazozitaka. Njumu ndogo iliyo nzima katika mzigo ule ilikuwa na gramu 1.50, na iliyokatika mguu ilikuwa na gramu 1 na kidogo. Kama ningepima nzima peke yake na kugawa kilo 3.60 kwa 1.50, ningepata 2,400, pungufu ya njumu 153, na bado nisingejua ngapi kati ya hizo zimekatika. Sampuli ichukuliwe kama mzigo ulivyo, nzima kwa mbovu, na kuchambua kuwe hatua ya baadaye.

Hatua hiyo ya baadaye ndiyo inayokupa namba ya kufanyia kazi. Chukua tena njumu 300 kwa njia ile ile uliyochukulia sampuli tatu, uzikague moja moja. Njumu iliyobakiwa na chini ya nusu ya mguu wake haishiki ubao. Iliyopindika inaweza kunyooshwa, lakini shaba iliyokwisha kunyooshwa mara moja baridi huwa ngumu na hukatika ikigongwa tena. Dawa yake ni kuipasha moto hadi ionyeshe wekundu hafifu gizani na kuiacha ipoe, ndipo irudie ulaini wake. Iliyogeuka rangi ikawa na mabaka ya waridi, hasa ile iliyotoka kwenye chombo cha baharini au mlango unaotazama gati, itupe upande wa mbovu bila huruma: maji ya chumvi yamekula zinki iliyomo ndani na kuacha shaba nyekundu yenye vinyweleo kama sifongo, ambayo hung'aa ukiisugua na huvunjika ukiigonga.

Tena angalia nyufa nyembamba kwenye kingo za kichwa. Nyufa hizi zina historia inayotuhusu zaidi ya tunavyodhani. Jeshi la Uingereza nchini India lilikuwa likihifadhi risasi zake katika mabanda ya farasi wakati wa mvua za masika ya huko, na maganda ya shaba yakawa yanapasuka yenyewe bila kuguswa. Ilikuwa hadi 1921 ndipo ilipoelezwa kwamba amonia inayotoka kwenye mkojo wa wanyama, ikisaidiwa na unyevu, huipasua shaba ya manjano ambayo ilifinyangwa baridi na bado ina mkazo ndani yake. Kichwa cha njumu nacho kimefinyangwa baridi kutoka kwenye bamba. Katika mji wetu ambao mizigo yake hubebwa na punda, na ambapo magunia mengi hulala kwenye zizi au kando yake, nimeona mizigo ambayo vichwa vyake vilikuwa na nyufa nyingi kuliko kawaida. Kwa hiyo muulize muuzaji gunia lilikaa wapi, na wewe mwenyewe usiweke shaba yako karibu na zizi hata kwa wiki moja.

Katika mzigo wangu, kati ya njumu ndogo 300 nilizokagua, mbovu zilikuwa 57, yaani asilimia 19. Katika kubwa 300, mbovu zilikuwa 36, yaani asilimia 12. Asilimia 81 ya 2,553 ni ndogo 2,068 zinazofaa, na asilimia 88 ya 739 ni kubwa 650. Namba hizi hata hivyo zina upana wake, na fundi mwaminifu huutaja upana huo kwa mwenye kasha. Ukikagua njumu 300 na kukuta mbovu ni asilimia 19, kiwango cha kweli kinaweza kuwa juu au chini ya hapo kwa asilimia 4 na nusu. Ukikagua 100 tu, upana huo unakaribia asilimia 8. Kuupunguza kwa nusu kunahitaji sampuli kubwa mara nne, na hapo ni afadhali uhesabu mzigo wote. Kwa hesabu hiyo njumu zangu ndogo nzuri zilikuwa kati ya 1,950 na 2,180, nami hupangia kazi ile namba ya chini.

Asiye na mizani anaweza kutumia kipimo cha ujazo, kama wazee walivyopima nafaka kwa kibaba na pishi. Chukua kopo, lijaze, hesabu yaliyomo, halafu uone mzigo umejaza makopo mangapi. Njia hii inafaa kwa kunde. Kwa njumu naiamini kidogo tu, kwa sababu zina miguu, na miguu hukwamana: kopo lile lile nililijaza bila kulitikisa likaingia njumu 390, nikaligonga mara kumi chini likaingia 455. Ukilazimika, ligonge kila kopo idadi ile ile ya mapigo na usilishindilie kwa kiganja.

Wapo wengine duniani wanaotegemea hesabu hii hii. Katika nchi kama Marekani, ambako sheria inawaruhusu walenga shabaha kujaza upya maganda ya risasi, watu hukusanya maganda kwa ndoo na kuyakadiria kwa uzito. Ganda la milimita 9 lina karibu gramu 4, kwa hiyo kilo moja ni maganda 250 na kidogo, ganda la bunduki la aina ya .223 lina gramu 6 na kitu, kilo ikawa maganda 160 hivi, la aina ya .308 lina gramu 11 hivi, na kilo yake ni maganda 90. Nao hutenganisha kwanza kwa aina, hukausha, hupima 100, na hupunguza yaliyopasuka shingo. Shaba ya maganda hayo ina asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki, na kwa mhunzi ni shaba nzuri. Lakini kwetu Kenya silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kuwa na risasi bila cheti ni kosa. Ukimwaga gunia la skrepa ukakuta kitu chenye umbo la risasi, usikigonge, usikikate, usikitie motoni na usikichanganye na shaba yako. Kiache hapo hapo, wazuie watoto, uwaite polisi. Risasi ambayo haijalia haitofautiki kirahisi na ganda tupu iwapo imeganda tope mdomoni.

Kwa upande wa manunuzi, muuzaji awe na leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, naye akupe risiti. Njumu za makasha na milango ya mji wa kale hazitakiwi kutoka kwenye nyumba ambayo mwenyewe hajui kwamba zimetoka.

Linabaki suala la kasha lenyewe linahitaji ngapi, na hapo hesabu ni ya utepe wa kupimia. Ubao wa mbele wa kasha la bibi ulikuwa sentimita 120 kwa 50. Safu ya nje ilipita sentimita 2 kutoka ukingoni, kwa hiyo mstatili wake ulikuwa 116 kwa 46 na mzingo wake 324. Njumu zikiachana sentimita 2, hiyo ni njumu 162. Safu ya ndani, sentimita 6 kutoka ukingoni, ilikuwa na mzingo wa 292, njumu 146. Duara nne zenye kipenyo cha sentimita 16 zilichukua njumu 25 kila moja. Ubao wa mbele ukafika njumu ndogo 408 kabla ya maua ya katikati. Kumbuka kwamba mstari unaojifunga, kama mstatili au duara, una njumu sawa na idadi ya nafasi zake, lakini mstari ulio wazi, kama ule wa chini ya mfuniko, una njumu moja zaidi ya nafasi zake. Kosa hilo la njumu moja huonekana dogo hadi uwe na mistari arobaini.

Jumla ya kasha zima ilikuwa ndogo 1,480 na kubwa 210. Niliongeza sehemu moja ya kumi kwa zile zitakazopindika chini ya nyundo, ikawa ndogo 1,628. Kwa kuwa namba yangu ya chini ilikuwa 1,950, nilimwambia bibi kwamba shaba itatosha na hakuna haja ya kununua gunia la pili, naye akasema, "Basi anza, fundi, nami nipate kuliona kabla ya Ramadhani." Ubao wa msaji ni mgumu, kwa hiyo kila njumu ilitobolewa tundu jembamba kuliko mguu wake kabla ya kupigwa, jambo ambalo linaokoa njumu za zamani kuliko lingine lolote.

Kazi ilipokwisha tulihesabu kila kitu kwa mkono, kwa ajili ya kujua makadirio yalikuwa mazuri kiasi gani. Njumu ndogo nzuri zilikuwa 2,021. Zilizoingia ubaoni zilikuwa 1,480, zilizopindika zikatupwa zilikuwa 91, na 450 zilibaki. Kijana alizitia kwenye kopo la maziwa, akabandika karatasi juu yake akaandika tarehe, uzito na idadi. Zile zilizokatika, ambazo ndogo peke yake zilikaribia nusu kilo, tulimpelekea mhunzi ambaye huyeyusha shaba nje uwanjani akiupa upepo mgongo, kwa kuwa zinki huchemka nyuzi 907 tu na moshi wake mweupe humwachia mtu homa ya usiku mzima.